Kuinua Tela la Kulala kwa Jeki Bila Kuliangusha Wala Kupinda Ekseli

Shemeji yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu hapa Marekani, kwa hiyo aliponunua tela la kulala, lile la vitanda na jiko ndani, futi 26 na ekseli mbili, hakuona haja ya kumuuliza mtu. Wiki ya pili tairi likapasuka. Akasukuma jeki katikati ya ekseli, kama alivyowaona utingo wakifanya kwa malori kule nyumbani, akabadilisha tairi kwa nusu saa na kunipigia simu kwa majivuno. Miezi michache baadaye matairi mawili ya ekseli ile yalikuwa yameliwa ukingo wa nje mpaka nyuzi zinaonekana. Ekseli ilikuwa imepinda.

Kosa hilo nimeliona kwa watu wengi sasa, pamoja na mawili mengine: kuinua tela kwa ile miguu myembamba ya pembeni, na kufanya kazi likiwa limebebwa na jeki peke yake. Mwongozo huu ni wa matela yanayovutwa na pikapu au gari kubwa, hasa ya ekseli mbili. Wenye karavani za Uingereza mna hendibreki na mara nyingi ekseli moja. Kanuni ni zilezile, ila sehemu ya kuwekea jeki tazameni kwenye kitabu cha karavani yenu.

## Vifaa: panga vyote chini kabla hujagusa tela

Jeki ya chupa ya mafuta, tani 6. Ukipiga hesabu utaona uwezo huo umezidi. Tela la kilo 3,000 huegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito kwenye gari linalolivuta, zinabaki kama kilo 2,600 kwenye magurudumu manne. Upande mmoja ni kilo 1,300 hivi. Lakini jeki ya tani 6 ina kitako kipana na hupanda juu zaidi, na hivyo ndivyo unavyovitafuta. Ile jeki ya mkasi iliyokuja na gari lako iache ilipo.

Stendi mbili za chuma kwa kila upande utakaoinua, za kufika kwenye chesisi. Pima kwanza: kutoka ardhini hadi chini ya chesisi, ongeza sentimita 12. Soma kibandiko vizuri, maana baadhi ya stendi huandikwa uwezo wa jozi, si wa moja.

Kabari nne za mpira mgumu au mbao nzito. Mawe yanateleza.

Mbao bapa za unene wa sentimita 5, pana kuliko kitako cha jeki na cha stendi. Kata tano au sita. Tofali usitumie kabisa, wala lile la saruji lenye matundu: likielemewa halitoi onyo, linasambaratika tu.

Spana ndefu, soketi sahihi na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Soketi nyingi za matela haya ni 13/16 au 3/4 ya inchi, na spana ya gari lako huenda isiingie. Ijaribu leo nyumbani, usisubiri barabarani.

Glavu, miwani ya kinga, tochi. Kama utafungua beringi, ongeza grisi ya magurudumu, sili mpya, pini mpya za kufungia nati, matambara mengi na dawa ya kusafishia mafuta.

Kabla ya kununua chochote, nenda upande wa kushoto wa tela, mbele, usome kibandiko cha kiwandani. Kina uzito wa juu kabisa wa tela, uwezo wa kila ekseli, saizi ya matairi na upepo wake. Kipige picha, ubaki nayo kwenye simu.

## Hatua ya 1: Chagua ardhi

Unataka zege, tambarare. Changarawe iliyoshindiliwa inafaa ukiweka mbao. Majani na udongo laini, hapana.

Lami ndiyo inayodanganya watu. Nilikuwa Texas, mwezi wa Julai, saa nane mchana, kwenye maegesho ya lami iliyoonekana ngumu kama sakafu. Niliweka stendi bila mbao. Baada ya dakika kama kumi nikasikia tela linaguna, nikatazama chini: miguu ya stendi ilikuwa imezama kwenye lami kama mwiko kwenye ugali wa moto. Tela liliinama polepole upande wangu. Lililoniokoa ni gurudumu nililokuwa nimelilaza chini ya chesisi. Lilipokea uzito, nami nikatoka nikiwa na vidole vyote. Tangu siku hiyo mbao natanguliza hata kwenye zege.

Upepo nao uutazame. Tela ni ukuta wenye magurudumu. Kwenye nyanda za Kansas au Wyoming kuna siku unahisi linasukumwa hata likiwa limesimama chini kwa miguu yake yote. Siku kama hiyo kazi ya beringi ahirisha.

## Hatua ya 2: Lizuie lisitembee

Liache tela likiwa limefungwa kwenye gari. Wengi hulifungua wakidhani wanapunguza mzigo, kumbe wanaondoa nanga. Gari liwe kwenye P, hendibreki imevutwa, injini imezimwa, ufunguo mfukoni mwako. Kama unatumia vyuma vya kugawanya uzito kwenye kiungo, vilegeze kwanza, kwa sababu vinashikilia nguvu ya springi na vitasukuma tela kombo linapopanda.

Sasa kabari. Ukiinua upande wa kulia, magurudumu yote mawili ya kushoto yakabwe mbele na nyuma. Zigonge kwa nyundo mpaka zibane. Usitegemee breki za umeme za tela: matela ya huku hayana hendibreki, na breki hizo zinashika tu umeme unapokuwepo. Betri ikichoka, zinaachia.

Halafu ingia ndani ya tela. Watoto nje, mbwa nje, gesi imefungwa kwenye mtungi, vyumba vinavyotoka pembeni virudishwe ndani, vyombo vishushwe kabatini. Maji mwaga. Tangi la galoni 40 likijaa ni kilo 150 zinazochezacheza. Mwisho funga mlango kwa ufunguo, maana kuna mtu atakayekumbuka chaja yake wakati wewe uko chini.

*Dalili kwamba uko sawa:* lisukume tela kwa bega kwa mbele na nyuma. Likitikisika kwenye springi, sawa. Magurudumu yakisogea hata unene wa kidole, rudia kabari.

## Hatua ya 3: Pandisha miguu ya pembeni

Ile miguu minne ya kona kazi yake ni kutuliza tela usiku watu wanapotembea ndani. Haikuundwa kuinua. Ukiitumia kama jeki itapinda, au itang'oa skrubu zake kutoka kwenye chesisi. Na ukiiacha imeshuka huku ukiinua upande mmoja, ile ya upande wa pili itabeba uzito usioihusu. Ipandishe yote minne. Hatua hii ni ya dakika mbili, ila ndiyo inayorukwa kuliko zote.

## Hatua ya 4: Legeza nati tairi likiwa chini

Zungusha kila nati robo mzunguko tu, kinyume cha mshale wa saa, usizidishe. Ukisubiri mpaka gurudumu liwe hewani litazunguka nawe, na utaanza kuvuta spana kwa nguvu zote huku tela liko juu ya jeki. Hivyo ndivyo matela yanavyoanguka.

Nati ikigoma, ongeza urefu wa mpini kwa bomba la chuma, usirukie juu ya spana. Kama kazi yako ni ya beringi na utatoa gurudumu pamoja na habu, kile kitovu cha chuma linapofungwa, nati ziache zilivyo.

## Hatua ya 5: Weka jeki mahali pake

Hapa ndipo shemeji alipokosea, nami nitakaa kidogo.

Ekseli ya lori ni pande la chuma. Ekseli ya tela la kulala ni bomba tupu ndani, na kiwandani limepindwa kidogo kwenda juu katikati ili, tela likipakiwa, magurudumu yasimame wima. Mpindo huo ni mdogo, jicho halioni. Ukilisukuma bomba kwa jeki katikati, unaongeza mpindo: magurudumu yanaegemea nje kwa juu na tairi linaanza kuliwa ukingo wa nje. Ndiyo maana watengenezaji wakubwa wa ekseli wanakataza kuinua tela kwa sehemu yoyote ya ekseli au springi. Mafundi wa matairi mjini hukanyaga jeki karibu na pale springi inapofungwa kwenye ekseli, na mara nyingi hakuna kinachoharibika. Kwa ekseli zisizo na springi, zile za bomba la mraba lenye mpira ndani, hata huko usithubutu.

Jeki inakaa chini ya chesisi, ile reli kuu ya chuma inayokwenda urefu wote wa tela. Mahali pazuri ni jirani na vishikio vya springi: nyuma kidogo ya kishikio cha mwisho au mbele kidogo ya kile cha kwanza. Hapo chesisi imeimarishwa na uzito umekusanyika. Ukienda mbali kuelekea nyuma kabisa ya tela, reli inapinda, na madirisha na milango itakuambia baadaye kwa kukataa kufunga.

Tazama kwa tochi: bomba la gesi, waya za breki na mabomba ya maji hupita karibu na reli. Ubao chini ya jeki, ubao mwembamba au kipande cha chuma bapa juu ya kichwa chake ili kisiteleze. Kichwa kikae katikati ya reli, si kwenye ukingo.

## Hatua ya 6: Inua, kidogo kidogo

Piga jeki mara tano, simama, zunguka utazame kabari. Mara tano tena. Mwili wako uwe pembeni, kamwe usiwe chini ya tela wala kati ya tela na ukuta.

Watu hushtuka hapa: chesisi inapanda lakini tairi bado liko chini. Hiyo ni springi inanyooka. Tarajia chesisi ipande sentimita 8 hadi 12 kabla tairi halijaachia ardhi. Kwenye tela la ekseli mbili magurudumu mawili ya upande huo hunyanyuka karibu pamoja, hivyo usishangae. Ukiona nafasi ya sentimita 2 au 3 chini ya tairi, acha. Kila sentimita ya ziada ni ya hatari bure. Tairi jipya lenye upepo ni nene kidogo kuliko lililopasuka, basi mpe nafasi hiyo tu.

Acha na ushushe mara moja ukiona jeki imeanza kuegemea, ubao unapasuka, au kabari imesogea. Usijaribu kuinyoosha jeki kwa nyundo ikiwa na mzigo. Nimeona mtu akijaribu.

## Hatua ya 7: Stendi, halafu jaribio la kusukuma

Weka stendi mbili chini ya reli ileile, moja mbele ya magurudumu na moja nyuma, kila moja juu ya ubao wake. Hakikisha pini au meno ya stendi yameingia sawasawa. Fungua vali ya jeki robo mzunguko, tela lishuke polepole mpaka likalie stendi. Kisha piga jeki tena kidogo, iguse tu chesisi, ibaki hapo kama mlinzi.

Jeki ni ya kuinua, stendi ni ya kubeba. Mpira mmoja wa ndani ya jeki ukichoka, mafuta yanarudi na tela linashuka bila kukuuliza.

Sasa sukuma ubavu wa tela kwa mikono miwili, kwa nguvu kidogo kidogo hadi kwa nguvu ya kweli. Bora lianguke sasa kuliko mkono wako ukiwa ndani ya habu. *Dalili ya mafanikio:* tela linatulia kama nyumba, stendi hazijahama, mbao hazijabonyea.

## Hatua ya 8: Kazi yenyewe

Kabla ya kutoa gurudumu, lizungushe kwa mkono usikilize. Mkwaruzo mwepesi ni wa kawaida, ni sumaku ya breki ikigusa drami. Mngurumo wa kokoto ni beringi inayokufa. Kisha lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza na kugonga, beringi zimelegea au zimeisha.

Tairi. Likitoka, lilaze chini ya chesisi. Unajua kwa nini. Angalia nyufa za ubavuni na tarakimu nne za mwisho za mhuri unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya tela huzeeka yakiwa yamesimama juani, na likifikisha miaka 5 au 6 mimi nalibadilisha hata kama kashata zake bado zinang'aa. Jipya liwe na herufi ST, yaani tairi maalumu la tela, kabla ya saizi na uwezo usiopungua ule wa kibandiko.

Beringi. Mtengenezaji mkubwa wa ekseli anataka zihudumiwe kila miezi 12 au maili 12,000, kinachotangulia. Ng'oa kifuniko cha grisi, nyoosha pini, toa nati pamoja na kile kibati cha duara (washa) kilicho nyuma yake, vuta habu taratibu huku kidole gumba kikizuia beringi ya nje isidondoke mchangani. Safisha kila kitu mpaka chuma king'ae. Ukiona rangi ya buluu, mashimo madogo au mikwaruzo, beringi hiyo na bakuli lake, ile pete ya chuma inamokaa, viende pamoja. Usifunge beringi mpya kwenye bakuli la zamani.

Kupakia grisi ni kazi ya kiganja. Weka tonge la grisi mkononi, kisha ugonge upande mpana wa beringi kwenye ukingo wa tonge, ukikandamiza na kuvuta, mpaka grisi ichomoze juu kati ya viringisho kama tambi. Zungusha kidogo, rudia, mpaka duara lote litoe tambi. Kupaka nje pekee ni mapambo. Usichanganye grisi za aina mbili, kwa sababu nyingine zikikutana huyeyuka na kuvuja. Sili ya nyuma weka mpya kila mara, nayo grisi isiguse ndani ya drami wala viatu vya breki, vikilowa, badilisha.

Kufunga nati ya katikati kuna utaratibu wake. Ikaze hadi kama futi-pauni 50 huku ukizungusha habu, ili kila kitu kikae. Ilegeze bila kuzungusha habu. Kisha ikaze kwa vidole tu mpaka iguse, weka pini mpya, kunja miguu yake. Nati hiyo haikazwi kwa spana mwishoni. Beringi iliyobanwa huungua, na ndiyo chanzo cha yale magurudumu yanayofuka moshi kando ya barabara kuu.

## Hatua ya 9: Rudisha na ushushe

Anza kila nati kwa vidole, mizunguko kadhaa, ndipo uchukue spana. Usipake mafuta kwenye nyuzi za bolti, kipimo cha toki kitakudanganya. Kaza kwa nyota, nati ya mkabala kwa mkabala. Kwa bolti za nusu inchi, ambazo ni za kawaida kwenye matela haya, hatua ni tatu: futi-pauni 20 hadi 25, kisha 50 hadi 60, mwisho 90 hadi 120. Anza hatua ya kwanza gurudumu likiwa hewani, maliza tairi likiwa limekanyaga ardhi.

Kushusha: inua kidogo hadi stendi ziwe huru, zitoe kwa kuzivuta kwa mpini, usiingize kichwa. Fungua vali kidogo sana. Toa jeki, mbao, halafu kabari mwisho kabisa.

## Ukiwa barabarani, mambo mawili

Tairi la upande wa magari yanayopita likipasuka, usipige jeki hapo. Washa taa za tahadhari, jikongoje pembeni hadi njia ya kutokea inayofuata, hata kama rimu itaharibika. Rimu inauzwa dukani.

Na kama unabadilisha tairi tu kwenye tela la ekseli mbili, unaweza kuacha jeki: panga mbao ziwe ngazi, endesha gurudumu zima lipande juu yake, na lile lenye pancha litaning'inia. Ngazi hiyo ni ya kubadilisha tairi pekee. Kwa beringi, au kazi yoyote ya kuingiza mwili chini, rudi kwenye stendi.

## Ukaguzi wa maili 10, 25 na 50

Rimu hukaa vizuri baada ya kuzunguka, na nati hulegea kidogo, hasa kwenye rimu za alumini. Simama baada ya maili 10, 25 na 50, pitisha spana ya toki kwenye kila nati. Kwenye kituo cha kwanza gusa pia kila habu kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa, na habu nne zikaribiane kwa joto. Moja ikikurusha mkono, huenda nati ya katikati umeikaza kupita kiasi: tafuta zege, toa mbao zako.